Biashara ya ngozi ya mamba

Biashara ya ngozi ya mamba ni ununuzi na uuzaji wa ngozi za mamba, ziwe mbichi, zimesindikwa au zimeshonwa kuwa mikoba, mikanda na viatu. Katika nchi nyingi ni biashara halali, mradi ngozi iwe na hati za kuonyesha ilikotoka.

Katikati ya karne ya 20 mamba waliwindwa sana kwa ajili ya ngozi, wakapungua katika mito mingi ya Afrika. Mwaka 1973 mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, ulitiwa sahihi mjini Washington. Ulianza kutumika tarehe 1 Julai 1975. Mamba wa Naili (*Crocodylus niloticus*) aliwekwa katika Kiambatisho I, ambacho hakiruhusu kuuza nje wanyama waliotoka porini kwa biashara. Baadaye mamba wa baadhi ya nchi, kwanza Zimbabwe mwaka 1983, walihamishiwa Kiambatisho II, ambapo biashara inaruhusiwa kwa kibali. Ndiyo maana ngozi ya mamba wa porini kutoka Zambia inaweza kuuzwa nje kihalali, lakini ya mamba wa aina hiyohiyo kutoka Sudani haiwezi.

Ngozi nyingi halali hutoka kwa mamba wa kufugwa. Zimbabwe ilianza ufugaji huo miaka ya 1960: mayai hukusanywa katika viota vya porini, huanguliwa na watoto hulelewa shambani. Porini ni watoto wachache sana wanaofikia utu uzima, hivyo kuchukua mayai huumiza kidogo kuliko kuua mamba wakubwa wanaotaga. Pia mwanakijiji wa kando ya mto anayelipwa kwa mayai hupata sababu ya kukiacha kiota salama, ingawa mnyama huyo hula mifugo yake na pengine watu.

Ngozi nzima inayouzwa nje hufungwa lebo isiyoweza kutumika tena, yenye alama ya nchi, namba, mwaka na aina ya mamba. Mkoba uliokwisha kushonwa hauna lebo hiyo. Mnunuzi hutegemea hati za muuzaji. Risiti ya duka si kibali. CITES inaruhusu msafiri kubeba hadi vitu vinne vya ngozi ya mamba kwa matumizi yake bila kibali, lakini nchi inaweza kuweka sheria kali zaidi, na forodha hufuata sheria ya nchi yake. Nchini Tanzania ngozi ya mamba huhesabiwa kuwa nyara ya serikali, na kuwa nayo bila kibali ni kosa.

Ngozi yenyewe hutoa dalili kadhaa. Kila gamba la tumboni mwa mamba wa Naili lina kitundu kidogo, ambacho aligeta hana. Ngozi ya ng'ombe iliyogandamizwa michoro ya magamba hurudia mchoro uleule. Hata hivyo, dalili hizo hutambulisha mnyama tu, si uhalali wa ngozi yake.