Beji ya Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu alirejea kutoka shuleni hapa Rasbura, akaniomba ruhusa ya kuingia katika Girl Guides, maskauti wa kike. Nilimkatalia papo hapo. Nilidhani ni sare na nyimbo tu.

Jumuiya hiyo ilianza Uingereza mwaka 1910, ikafika Tanganyika mwaka 1928. Beji zake hazigawiwi kama halua ya Idi: binti hujifunza kazi, huionyesha mbele ya mkaguzi, ndipo hupewa beji ya kushona katika sare yake. Wangu alitamani ya huduma ya kwanza.

Siku moja mvuvi jirani alijikata mkono kwa kisu. Sisi wazee tulijaa uani tukipiga kelele. Mtoto yule alitwaa kanga safi, akalikandamiza jeraha, akauinua mkono juu mpaka gari ikapatikana. Kumbe alikuwa akijifunza kwa wenzake.

Nikamkumbuka Bibi Rufaida al-Aslamiyya, Mwenyezi Mungu amridhie, ambaye hema lake la kuwauguza majeruhi lilipigwa msikitini Madina siku za vita vya Khandaki, mwaka wa 5 Hijria. Habari zake nazisomesha kila mwaka!

Ruhusa nimetoa: mtandio usivuliwe, sala zisipite, na kambi niijue. Nikamwonya pia juu ya ria, kwani beji huonekana na watu. Akanijibu kwa adabu, “Babu, yule mvuvi sikumfunga kwa ajili ya beji.”

Mkaguzi anakuja Jumamosi. Panahitajiwa mtu wa kujifanya majeruhi, nami nimekubali kufungwa bandeji.