Lugha na Mgawanyiko wa Walutheri katika Magharibi ya Kati ya Marekani

Walutheri wa Magharibi ya Kati ya Marekani walishiriki katekisimu moja, ile ya Martin Luther, lakini hawakuwa na kanisa moja. Makala haya yanadhamiria kuonyesha jinsi lugha, sambamba na tofauti za kimafundisho, ilivyochangia mgawanyiko huo.

Katika karne ya 19, wahamiaji kutoka Ujerumani, Norwe, Uswidi, Denmaki na Ufini walimiminika katika majimbo kama vile Wisconsin, Minnesota na Iowa. Kila kundi lilipendelea kuhubiriwa kwa lugha yake, hivyo likaunda sinodi yake, yaani muungano wa makanisa ya mahali. Wajerumani waliunda Sinodi ya Missouri mjini Chicago mwaka wa 1847, na Ujerumani wao ukatajwa katika jina lake rasmi. Waswidi na Wanorwe walianzisha Sinodi ya Augustana mwaka wa 1860, lakini Wanorwe wakajitenga mwaka wa 1870. Hata miongoni mwa Wanorwe wenyewe zilizuka sinodi kadhaa kwa sababu ya mafundisho, hadi tatu kati yake zilipoungana mjini St. Paul, Minnesota, mwaka wa 1917.

Mwaka huohuo Marekani iliingia katika Vita Vikuu vya Kwanza, na lugha ya ibada ikageuka kuwa kigezo cha uzalendo. Sinodi ya Missouri iliondoa neno la Kijerumani katika jina lake. Mnamo Mei 1918, Gavana William Harding wa Iowa alipiga marufuku lugha za kigeni shuleni, katika simu, hadharani na hata makanisani. Asiyejua Kiingereza alitakiwa kuabudu nyumbani. Huko Nebraska, mwalimu wa shule ya Kilutheri, Robert Meyer, alitozwa faini kwa kumfundisha mtoto kusoma Kijerumani. Mwaka wa 1923, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha hukumu hiyo.

Hata hivyo, Kiingereza kiliendelea kushika nafasi, kwani vijana waliozaliwa Marekani ndicho walichokizoea. Kuta za lugha zilipobomoka, miungano ikafuata. Mwaka wa 1960, makanisa yenye asili ya Kijerumani, Kinorwe na Kidenmaki yaliungana. Mwaka wa 1962, Augustana na Sinodi ya Wafini, Suomi, ziliingia katika muungano mwingine. Miungano hiyo miwili, pamoja na kundi lililokuwa limejitenga na Sinodi ya Missouri, ilizaa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Marekani, lililoanza kazi mwaka wa 1988.

Ikumbukwe kwamba Sinodi za Missouri na Wisconsin, zote zenye asili ya Kijerumani, hazikujiunga, na zenyewe zilivunja ushirika wao mwaka wa 1961 kwa sababu ya mafundisho. Yaonekana basi kwamba lugha moja yaweza kuwakutanisha waumini mezani, ila haiwalazimishi kukubaliana.