Vipele Baada ya Skrabu na Masaji: Si Uchafu Unaotoka

Kwa vizazi vingi bibi harusi amekuwa akisingwa kabla ya kukabidhiwa kwa mumewe. Liwa, manjano na maji ya marashi viliandaliwa nyumbani, na somo wake ndiye aliyejua kilichomo ndani ya bakuli. Leo sehemu kubwa ya kazi hiyo imehamia saluni. Wanawake kwa wanaume, waajiriwa kwa wafanyabiashara, huingia humo kufanyiwa skrabu ya uso, kufukizwa kwa mvuke na kuchuliwa mwili, na wengi wao hutoka wakiwa wameburudika.

Wapo, hata hivyo, wanaorejea nyumbani na uso uliovimba, mgongo uliojaa vipele au ngozi inayowasha usiku kucha. Wanaporudi saluni kuuliza, mara nyingi hujibiwa kwa maneno yaliyozoeleka: huo ni uchafu unaotoka, endelea kupaka, utaisha. Jibu hilo huzidisha madhara, kwa kuwa humrudisha mteja kwenye kitu kile kile kilichomdhuru. Ngozi haitoi uchafu kwa kuota vipele. Inapowasha, kuvimba au kutoa malengelenge, huwa imechomwa, imekataa kitu ilichopakwa au imeambukizwa vimelea. Kila hali kati ya hizo tatu ina tiba yake.

Muda ndio kipimo cha kwanza

Jambo la kwanza ambalo mhudumu wa afya hutaka kulijua ni muda uliopita tangu huduma ilipotolewa hadi dalili zilipoanza.

Ngozi iliyosuguliwa na kufukizwa hupata joto na wekundu kidogo. Kwa watu wenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi; huhisiwa zaidi kuliko kuonekana. Hali hiyo ikitulia ndani ya saa chache bila kuacha alama, haina tatizo.

Maumivu makali yanayoanza wakati huduma ikiendelea, au saa chache baadaye, kwa kawaida ni dalili ya ngozi kuchomwa. Mvuke uliokaribia mno, skrabu yenye chembe kali, au dawa ya kuambua ngozi iliyoachwa usoni kupita muda wake huweza kumdhuru mtu yeyote, hata asiye na historia ya mzio. Ndimu na limau vina hatari ya namna yake. Majimaji yake yakibaki kwenye ngozi kisha mtu akatembea juani, ngozi huweza kuungua na kuacha madoa meusi yanayokaa kwa wiki au miezi.

Mwasho unaoanza baada ya siku moja hadi tatu, ukiambatana na vipele vidogo au malengelenge mahali palipopakwa, huashiria mzio wa mguso. Visababishi vya kawaida ni manukato, kemikali zinazozuia krimu isiharibike, na baadhi ya mafuta ya mimea. Wengi hushangazwa na mzio huu kwa sababu huweza kuzuka hata kwa kipodozi ambacho mtu amekitumia kwa muda mrefu. Mwili hujifunza kukikataa kitu polepole, na ukishajifunza hukikataa kila unapokutana nacho. Kwa hiyo kauli ya "mbona nimekizoea" haitoshi kukiondolea kipodozi shaka.

Vipele vyenye usaha kwenye vishina vya vinyweleo, hasa mgongoni, mapajani na mabegani, hutokea zaidi baada ya masaji. Mafuta mazito huziba vinyweleo, msuguano huvijeruhi, na taulo lililotumiwa na mteja aliyetangulia huweza kuleta bakteria. Dalili zinazojitokeza baada ya wiki kadhaa zina maelezo mengine: mabaka ya mviringo yenye kingo zilizoinuka huashiria mabarango, na mwasho unaozidi usiku, hasa katikati ya vidole na kiunoni, huashiria upele. Maradhi haya yote mawili huambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi, na huweza pia kupitia taulo na mashuka yasiyofuliwa.

Kilichomo ndani ya kopo lisilo na jina

Hatari kubwa zaidi imo katika mkorogo, yaani krimu zinazochanganywa na kugawanywa katika makopo yasiyo na maelezo. Michanganyiko hiyo huweza kuwa na zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za jamii ya steroidi. Zebaki hupenya kwenye ngozi, hudhuru figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta mabaka meusi yasiyofutika kwa urahisi, kinyume kabisa cha kile ambacho mtumiaji alikitarajia. Steroidi hutuliza mwasho kwa siku chache na kumfanya mtu aamini kwamba amepona, ilhali huifanya ngozi kuwa nyembamba, huleta chunusi na huyapa mabarango nafasi ya kuenea.

Tangu mwaka 2019 udhibiti wa vipodozi nchini upo chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kipodozi halali hubainisha jina la mtengenezaji, viambato vyake na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kopo lisilo na taarifa hizo halistahili kufunguliwa mbele ya mteja.

Hatua za kuchukua

Mwananchi anayepata dalili baada ya skrabu au masaji anashauriwa kuosha mahali palipopakwa kwa maji mengi na sabuni isiyo na manukato, kisha kusitisha vipodozi vyote, si kile kinachoshukiwa peke yake. Kitambaa safi kilicholowekwa katika maji baridi hutuliza mwasho. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu yanatosha kulinda ngozi hadi itakapotulia. Aliyeunguzwa na mvuke aweke sehemu iliyoungua chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, majivu na asali visipakwe. Vipele visitumbuliwe, na krimu ya dukani isinunuliwe kwa kukisia.

Kopo la kipodozi, au picha ya maelezo yake, lipelekwe zahanati pamoja na mgonjwa. Taarifa hiyo humwezesha mhudumu kutambua chanzo cha tatizo na kumshauri mgonjwa kitu cha kuepuka siku zijazo.

Mgonjwa aende katika kituo cha afya siku hiyo hiyo endapo ana homa, usaha unaoongezeka, malengelenge makubwa au maumivu karibu na macho. Iwapo midomo, ulimi au koo vinavimba, pumzi inabana, au vipele vinatapakaa mwili mzima ndani ya dakika chache huku kizunguzungu kikianza, hiyo ni dharura. Mgonjwa asisubiri kuona kama hali itatulia. Afikishwe hospitali mara moja.

Kabla ya kuketi kitini

Kinga iliyo rahisi haina gharama. Kiasi kidogo cha kipodozi kipakwe ndani ya mkono, karibu na kiwiko, na kiachwe kwa saa 48. Ngozi ikiwasha au kuvimba, kipodozi hicho hakimfai mhusika. Mtu mwenye pumu ya ngozi, mzio unaofahamika, kidonda au ujauzito amweleze mtoa huduma kabla ya kazi kuanza. Aliyenyoa ndevu au nywele za mwili siku hiyo ni vyema aahirishe skrabu, kwa kuwa ngozi iliyopitiwa na wembe huwa na michubuko midogo isiyoonekana kwa macho.

Kwa wenye saluni, wajibu ni bayana: taulo na shuka safi kwa kila mteja, mikono kuoshwa kabla na baada ya huduma, vifaa kusafishwa na kutakaswa, krimu kuchotwa kwa kijiko safi badala ya vidole, na makopo ya asili kubaki na maelezo yake. Baadhi ya biashara hizi ni za akina mama na vijana, makundi ambayo halmashauri huyakopesha kupitia asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Ukaguzi wa Maafisa Afya haukusudii kuzifunga. Mteja mmoja aliyeungua uso huwaonya majirani wote, na hasara hiyo hailipwi kwa punguzo la bei.

Malalamiko kuhusu usafi wa saluni au vipodozi visivyo na maelezo yapelekwe kwa Afisa Afya wa Kata au katika Ofisi ya Mtendaji wa Kata, yakitaja mahali na tarehe ya huduma. Anayelalamika hamwonei mtu. Humkinga mteja atakayeketi katika kiti hicho kesho yake.

Kwa bibi harusi ushauri ni mmoja zaidi: kipodozi kipya kisijaribiwe katika wiki mbili za mwisho kabla ya sherehe. Mzio huweza kuchukua siku kadhaa kujitokeza, na ngozi iliyoumia huhitaji muda mrefu zaidi kupona. Somo wa zamani alijua kilichomo ndani ya bakuli lake. Bibi harusi wa leo naye ana haki ya kuuliza kilichomo ndani ya kopo, na kuondoka endapo hatapata jibu.