Olbalbal hawaulizi daktari kasoma wapi

Dar es Salaam, ukitaja Muhimbili mbele ya wakwe, posa imeshakubaliwa nusu. Si bure. Shule ya udaktari pale ilianza 1963, na kwa miaka mingi taifa zima liliitegemea. Kairuki, KCMC na Bugando walikuja kusomesha madaktari wao baadaye sana.

Shuka sasa hadi Olbalbal, bonde ambako maji ya Korongo la Olduvai huishia. Huko mgonjwa anauliza kama daktari yupo, na kama hayupo, hospitali ya Endulen ataifikiaje.

Chukua mfugaji mwenye homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo vinauma. Kameza dawa za malaria mara mbili, wapi! Huenda ni brusela, ugonjwa utokao kwa mifugo, nao unafundishwa kila chuo. Lakini aliyekaa na wafugaji ndiye anayewahi kuuliza: maziwa mnachemsha? Kuna ng'ombe aliyetupa mimba karibuni? Nani alimhudumia? Kisha doksisaiklini na rifampisini, wiki sita nzima, na subira ya kueleza, kwa Kimaasai au kwa mkalimani, kwa nini homa ikitulia dozi haikatishwi. Hapo ndipo wengi hushindwa.

Serikali nayo hulipa kwa kada. Ukishamaliza miaka mitano ya chuo, mwaka wa mazoezi hospitalini na usajili wa Baraza la Madaktari, mshahara wa kuanzia hautazami cheti kimetoka wapi. Jina la chuo huanza kulipa kwenye ubingwa: unamjua profesa, barua ya kukupendekeza ipo, utafiti mmeandika pamoja. Asiye na hayo hupanda taratibu, hata awe na mikono ya dhahabu.

Na imani ya watu haifuati vyeti. Mwaka 2011, katika wilaya hii hii ya Ngorongoro, maelfu walifunga safari hadi Samunge kunywa kikombe cha dawa ya shilingi 500 ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, wasomi na vigogo wakiwemo. Sikitetei kikombe kile. Nasema tu hakuna aliyedai shahada.

Kinachonikera ni kwamba miaka mitatu ya kuzalisha akina mama na kutibu brusela huku huonekana kama pengo kwenye wasifu wa daktari kijana. Wanaochagua wa kusomea ubingwa wangeipa alama, tena nyingi, kabla hawajafika kwenye jina la chuo.