Lami ya Tunduma haiogopi uzito tu

Malori ya Zambia na Kongo yakipanga foleni Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, lami hukabiliwa na mzigo tofauti na ule wa njiani. Lori likikimbia, tairi hupita kabla lami haijapata muda wa kutiririka; likisimama, uzito uleule huisukuma pembeni, tabaka la juu likiburuzika juu ya la chini, mpaka mabonde ya matairi yanajichora. Lakini nguvu hiyo ya kuburuza yaweza pia kujenga. Mwaka 1970 Andrew Keller na wenzake huko Bristol, Uingereza, walionyesha kuwa SBS, polima yenye vipande vya stireni vilivyounganishwa na mpira, ikisukumwa ingali moto, nguzo zake ndogo za stireni hujipanga sambamba kama njiti kibiritini. Mwaka 2004 watafiti wa Princeton, Marekani, waliweka kipande cha mpira wa silikoni juu ya utando mwembamba wa polima ya jamii hiyo, wakaupasha moto na kukiburuza. Nguzo zilizojisokota zikanyooka.

Siri ni joto. Stireni hulegea kwenye nyuzi 100 hivi za Selsiasi. Maabara huvuka kiwango hicho ili polima itii. Barabarani jua halifiki huko, hivyo SBS iliyochanganywa na lami hubaki na mafundo magumu ya stireni, na mpira ulio kati yake huvuta lami irudi mahali pake. Kwa hiyo TANROADS, wakala wa barabara wa Tanzania, wangeitumia pale malori yanapotambaa: njia za kuingia mpakani na kwenye mizani ya Mpemba.

Atakayesema kosa ni kuzidisha mzigo ana hoja, na ukomo wa tani 56 katika sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 usilegezwe. Ila lori halali likisimama saa nzima bado linaisukuma lami. Baridi ya Tunduma nayo haitoshi kuikinga, kwani kwa lami, muda mrefu chini ya mzigo hufanya kazi ya joto. Gharama ni kweli, lakini polima huwa kama asilimia 3 hadi 5 ya lami, na kilomita zinazohusika ni chache. Pa kuegesha kabisa, zege ni bora. Na msingi mbovu hauponywi na polima yoyote. Basi mhandisi anayeandaa zabuni asiishie kuuliza lori lina tani ngapi. Aulize pia litasimama hapo kwa muda gani.