Kasa na Sheria Inayomlinda

Sisi watu wa pwani tunamjua kasa. Hupanda ufukweni usiku, akafukua shimo na kutaga mayai yapatayo 100. Mbona basi amekuwa adimu? Kwa sababu makinda wengi huliwa na kaa, ndege na samaki, na anayesalimika huchukua miaka 20 au zaidi kabla ya kutaga. Anayemuua kasa jike ameua kizazi kizima.

Ndiyo maana mkataba wa CITES wa mwaka 1973 unazuia biashara ya kasa baina ya nchi. Kenya, Tanzania Bara na Zanzibar nazo zina sheria zinazomlinda. Mwenye kumvua au kumuua hushtakiwa.

Tena nyama yake yaweza kuwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Machi 2024, huko Kisiwa Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kuila.

Basi kasa akinasa wavuni, tumwachie. Tukiletewa nyama yake, hata na jirani, tusile wala tusiwape watoto. Aliyekwisha kula apelekwe hospitali mara moja.