Koloni, nchi lindwa, udhamini: tofauti iko wapi?

Anayesoma historia ya dunia hukutana mapema na istilahi tatu: koloni, nchi lindwa na nchi ya udhamini. Wengi huzikariri kwa ajili ya mtihani, kisha huzitia zote katika kapu la ukoloni. Kwa mwananchi aliyetozwa kodi ya kichwa, kweli tofauti haikuonekana. Kisheria ilikuwa kubwa, na maswali mawili yanatosha kuibainisha: nchi inahesabiwa kuwa ya nani, na mtawala anawajibika kwa nani?

Koloni ni nchi iliyotwaliwa ikawa sehemu ya milki ya mtawala, naye hawajibiki kwa yeyote nje ya serikali yake. Nchi lindwa, angalau kwenye karatasi, hubaki na mwenyewe. Dola ya kigeni huanza na ulinzi na mambo ya nje, kisha hujipenyeza hadi kwenye hazina na mahakama. Ndivyo ilivyokuwa Zanzibar tangu 1890: Sultani alibaki kwenye kiti, Mwingereza akashika usukani.

Kenya ilikuwa vyote viwili. Mwaka 1920 bara lilifanywa koloni, lakini ukanda wa pwani wa maili 10 ukabaki nchi lindwa, kwa kuwa ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, aliyelipwa pango kila mwaka. Ndiyo maana bendera yake nyekundu ilipepea Fort Jesus, Mombasa, hadi 1963, na ndiyo maana uhuru wa Kenya ulihitaji mapatano ya pekee kuhusu ukanda huo.

Udhamini ni habari nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Shirikisho la Mataifa liliwakabidhi washindi makoloni ya Ujerumani kwa masharti, kama msimamizi anavyokabidhiwa mali ya yatima. Uingereza ilipewa Tanganyika, Ubelgiji Ruanda-Urundi, na kila mmoja alitakiwa kutoa taarifa kila mwaka. Kuanzia 1946 kazi ya kuwasimamia iliangukia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, lililotuma wakaguzi na kupokea malalamiko ya wananchi wenyewe.

Haki hiyo ilitumika. Wameru wa Tanganyika walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951 ili kupisha walowezi, mwakilishi wao, Kirilo Japhet, alikwenda New York mwaka uliofuata kuwashtaki Waingereza mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini kesi ilisikika duniani. Mwaka 1955 Julius Nyerere naye alilihutubia Baraza hilo kwa niaba ya TANU. Mkikuyu aliyepoteza shamba Kenya hakuwa na baraza kama hilo. Malalamiko yake yaliishia London.

Uzito wa istilahi hizi ulionekana zaidi Namibia. Afrika Kusini, iliyokabidhiwa nchi hiyo na Shirikisho, ilikataa kuiweka chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ikaitawala kama jimbo lake. Mwaka 1966 Umoja wa Mataifa uliifutia madaraka hayo, na 1971 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikasema kuwapo kwake huko ni haramu. Namibia ilipata uhuru 1990, baada ya vita virefu ambavyo Afrika Kusini ilivipigana bila hati yoyote ya kisheria mkononi.